Kumfuga bleni Dodoma: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinamuulizia samaki mmoja: bleni. Kwa ambaye hajamwona, ni samaki mdogo wa miamba ya bahari, asiye na magamba, mwenye ngozi ya utelezi na macho yaliyotokeza juu ya kichwa. Aina nyingi hazina kibofu cha hewa, hivyo haelei kama wengine. Hujiegemeza juu ya jiwe kwa mapezi ya tumbo, mkia kaukunja kando, jicho moja likikutazama wewe na la pili likisaka chakula. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Shikamooni wahariri. Nina sehemu sebuleni ya tangi la bleni mmoja na samaki wengine wawili. Nyumbani tunatumia maji ya bomba yanayopitia simtanki, na jirani ana kisima. Nianze na nini, na maji yapi yanafaa? — Msomaji, Kisasa

Marahaba. Kabla ya kioo na samaki, tatua maji, maana kwa Dodoma kazi iko hapo. Maji ya ardhini ya huku ni magumu. Chungulia ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Ukiyachanganya na chumvi ya tangi unapata bahari ambayo hujui ndani yake kuna nini na kwa kiasi gani. Kisima kikiwa karibu na vyoo vya shimo ni kibaya zaidi, kwani nitrati, mbolea ya mwani itokayo kwenye kinyesi, huingia humo na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati nayo hubeba zinki, pamoja na vumbi la kiangazi chote.

Linalobaki ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha chumvichumvi nyuma, yenye kichujio cha DI mwishoni cha kunasa mabaki. Inunue pamoja na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini: maji yanayotoka yasome 0, na yakianza kusoma 5 badilisha DI. Watu wengi hufunga mashine hii halafu wanalalamika kwamba inatoa matone tu. Tatizo ni presha. Utando wa RO unataka bar 3 hadi 4, na inahitajika mita 10 za kimo kupata bar 1. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3, basi. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha kabla ya utando. Ujue pia kwamba kila lita moja safi huacha lita tatu hivi za maji taka yenye chumvichumvi. Zipeleke kwenye ndoo ya kupigia deki au chooni, usimwagilie miche.

Tangi: sentimita 100 kwa 50 kwa 45 kwenda juu linabeba lita 225, na likishawekewa mawe hubaki na lita 200 hivi za maji. Mwambie fundi vioo atumie kioo cha milimita 10 na aweke mikanda ya kioo juu. Silikoni iwe ya kawaida, isiyo na dawa ya kuua kuvu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na samaki hufa bila mtu kuelewa kwa nini. Tangi likijaa, pamoja na mawe, lina uzito wa kilo 300 hivi, kwa hiyo stendi ya skwea paipu iliyopakwa rangi vizuri ni bora kuliko kabati la televisheni.

Lita 200 zinataka chumvi ya tangi ya baharini kilo 7 hadi 8. Mimina chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi. Ukigeuza, kalsiamu hujigandisha kuwa unga mweupe chini na hairudi tena. Acha pampu ikoroge saa 24, kisha pima kwa rifraktomita, kifaa cha kusoma chumvi ya maji kwa mwanga: 35 kwa elfu (gramu 35 za chumvi kwa kila gramu elfu za maji), yaani uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na maji matupu. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27, pH (kipimo cha asidi na magadi majini) 8.1 hadi 8.4. Pampu za kuzungusha maji kwa jumla ziwe na uwezo wa lita 2,000 kwa saa au zaidi.

Mawe ya granaiti yaliyojaa mjini hapa hayadhuru, ila hayana vitundu, na bakteria wa kusafisha maji wanakaa kwenye vitundu. Yatumie chini kama msingi. Juu weka mawe ya chokaa yenye matundu yaliyouzwa kwa ajili ya matangi. Usiende kung'oa matumbawe baharini. Bleni mwenyewe ataridhika hata na kipande cha bomba la PVC la inchi moja, urefu wa sentimita 10, kilichofichwa katikati ya mawe.

Kisha subiri. Weka kipande cha kamba mbichi wa baharini ndani ya tangi lisilo na samaki ili kioze na kuwalisha bakteria hao, upime amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uozo, kila baada ya siku tatu. Zitapanda, kisha zitashuka. Zikisoma 0 zote mbili, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita, unaweza kuleta samaki wa kwanza.

Kuhusu aina: mla mwani, *Salarias fasciatus*, ndiye anayesifiwa na wauzaji kwa kuwa "anafagia tangi". Kwa tangi jipya usimchukue; sababu utaisoma kwenye jibu la Ilazo hapa chini. Chukua *Ecsenius midas*, bleni wa dhahabu anayepatikana pwani ya Afrika Mashariki. Huyu hula vijidudu vinavyoelea majini, anakubali kamba waliosagwa na chakula cha barafu, na hukua hadi sentimita 13.

Mimi ni mwalimu, naishi karibu na Ziwa Singidani. Maji yake ni ya chumvi. Je, siwezi kuyachota nikayachuja, au kuongeza chumvi ya dukani mpaka kipimo kisome 35? — Mwalimu, Singida

Hapana, mwalimu. Hata kipimo kikisoma 35 kamili, samaki atakufa. Rifraktomita inaona wingi wa vitu vilivyoyeyuka. Haioni ni vitu gani. Singidani na Kindai ni maziwa yasiyo na mto wa kutokea: maji huingia na mvua, jua huyakausha, na kinachobaki ni chumvi iliyochanganyika na magadi. Bahari ina miligramu 1,280 hivi za magnesiamu na 410 za kalsiamu kwa kila lita. Kwenye maji ya magadi, kalsiamu na magnesiamu hugeuka kuwa mawe na kuzama, wakati pH inapanda kupita kiwango ambacho samaki wa bahari anakivumilia.

Chumvi ya dukani ni karibu sodiamu na kloridi tupu, na imetiwa madini joto. Wengine wanatuuliza kuhusu chumvi ya mawe ya pwani, wakisema si imetoka bahari hiyo hiyo? Imetoka huko, lakini haikuja nzima. Maji ya bahari yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, chokaa na jasi huganda kwanza, halafu chumvi ya kula, na maji machungu yenye magnesiamu humwagwa. Ukiyeyusha kile kilichobaki hupati bahari, unapata maji ya kuhifadhia ng'onda. Chumvi ya Bahi hali kadhalika.

Nina bleni mla mwani, ana miezi miwili kwangu. Mchana kutwa anabusu kioo na mawe, na chembe za chakula ninazompa naona anazifuata. Lakini tumbo limeingia ndani na anazidi kukonda. Maji nimepima, amonia 0, nitrati 5. Anaumwa nini? — Dada wa Ilazo

Dada, haumwi. Ana njaa. Vipimo vyako vizuri ndivyo vinavyoonyesha hivyo: nitrati 5 na kioo kinachong'aa maana yake mwani haupo. Bleni huyu ana meno membamba kama kitana, yameota kwenye mdomo wenyewe, ya kukwangua utando mwororo wa mwani na uchafu laini juu ya jiwe. Hakuumbwa kudaka chembe zinazoelea. Anazifuata, anatema, anarudi kubusu kioo. Kubusu si kula.

Mwangalie kwa karibu asubuhi kabla hujawasha taa kubwa. Alama mbili zinatosha. Ya kwanza ni mgongo, nyuma tu ya kichwa: ukimtazama kwa juu, mwenye afya ni mnene pale, na mwenye njaa ana bonde pande zote mbili. Tumbo likibonyea bado kuna muda. Mgongo ukishabonyea, ni wachache wanaorudi. Ya pili ni kinyesi. Mla mwani anayeshiba huacha nyuzi za kijivu nyingi juu ya jiwe lake la kukalia, kiasi cha kuudhi. Jiwe likiwa safi kwa siku mbili, hajala.

Fanya mambo mawili kwa pamoja. La haraka ni chakula cha kubandika. Chemsha mililita 200 za maji na gramu 5 za unga wa agari (unga wa kugandisha utokanao na mwani), epua, acha upoe hadi uweze kushika sufuria bila kuungua lakini usiwe umeganda. Changanya vijiko viwili vya unga wa spirulina (mwani mdogo uliokaushwa), karatasi mbili za nori (mwani mkavu wa kuliwa) zilizosagwa, na kamba wabichi wa baharini gramu 50 waliosagwa laini. Paka tabaka la milimita 2 au 3 juu ya jiwe kavu lenye mikwaruzo, na liache ligande. Lizamishe karibu na shimo lake, kwa sababu bleni aliyedhoofika haendi mbali. Baada ya saa nne toa kilichobaki. Mchanganyiko unaobaki huhifadhika kwenye friza. Usitumie jelatini badala ya agari, kwani kwenye maji ya nyuzi 26 hulainika na kuchafua tangi. Mchicha uliochemshwa dakika moja atauonja, lakini usimtegemeze kwa huo.

La kudumu ni mawe ya zamu, na kwa hili Dodoma ina utajiri ambao wenye matangi Ulaya wanaununua kwa bili ya umeme: jua. Chukua ndoo nyeupe ya lita 20, weka lita 15 za maji uliyotoa kwenye tangi siku ya kubadilisha (yana mbolea ya kutosha), mawe matano au sita ya ukubwa wa ngumi, na pampu ndogo ya hewa. Iweke barazani ipate jua la asubuhi tu. Jua la saa saba la Oktoba huchemsha ndoo, na mwani unaoota ni mchafu. Funika kwa wavu, la sivyo unafuga mbu. Kila siku rudishia maji ya RO hadi kwenye alama, maana upepo wa huku haukawii kukausha. Baada ya siku 10 hadi 14 mawe yatakuwa na manyoya mafupi ya kijani na kahawia. Ingiza mawe mawili kwenye tangi, yakishakwanguliwa yarudishe kwenye ndoo, weka mengine mawili.

Mwani ukirefuka kupita sentimita moja hataugusa. Ung'oe kwa mkono kwanza. Ule utando mwekundu unaoteleza na yale mapovu ya kijani yaliyoshikamana na jiwe hali kabisa, na anayekuuzia bleni kwa ajili ya kuyamaliza anakuuzia maneno. Tangi linalomfaa mla mwani liwe limekaa miezi sita walau.

Nimeuziwa samaki mrefu mwembamba, mistari ya buluu na nyeusi, nikaambiwa ni msafishaji wa wenzake. Sasa mapezi ya samaki wengine yamechanika na wawili wana mabaka meupe ubavuni. — Msomaji, Nkuhungu

Umeuziwa mwizi aliyevaa sare. Msafishaji wa kweli, *Labroides dimidiatus*, mdomo wake uko kwenye ncha ya pua. Bleni anayemwiga, *Aspidontus taeniatus*, pua imetangulia na mdomo uko chini yake, na huyu hung'ata vipande vya mapezi. Wale wa jenasi *Plagiotremus* ndiyo kabisa, ngozi na magamba ya wenzao ndicho chakula chao, hivyo kumshibisha kwa kitu kingine hakumbadilishi tabia.

Kumkamata kwa wavu mchana ni kujichosha. Weka bomba jembamba la PVC karibu na pale anapolala, uliache siku chache alizoee, kisha usiku washa tochi, ziba ncha zote mbili kwa vidole na umtoe na bomba lake. Mrudishe kwa muuzaji.

Usimchanganye na bleni wa *Meiacanthus*, ambaye pia ana meno marefu, tena yenye sumu. *Meiacanthus mossambicus* wa pwani yetu ni mpole tangini, hula vijidudu vinavyoelea, na sumu yake ni ya kujihami tu: samaki akimmeza hung'atwa ndani ya kinywa, shinikizo la damu linashuka, anamtema. Lakini usimshike kwa mkono mtupu.

Umeme ukikatika usiku mzima nifanye nini kwanza? Na Juni na Julai, baridi ya huku haitawaua? — Msomaji, Nzuguni

Hewa kwanza, joto baadaye. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa asilimia 12 hivi. Maji ya bahari ya nyuzi 26 ambayo Dar es Salaam yangeshika miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, hapa hushika 5.8 tu. Akiba ni ndogo, na pampu zikisimama huisha mapema. Bleni ataanza kupanda juu ya jiwe la karibu na uso wa maji, matamvua yakipiga haraka.

Pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha umeme ukikatika, ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka kimo cha nusu mita, mara kumi, kila baada ya dakika ishirini. Usilishe. Kufunika kioo kwa blanketi kunasaidia, ila juu pafunikwe kwa wavu tu.

Umeme ukirudi, usiwashe mara moja filta ya kopo lililofungwa kama ilisimama zaidi ya saa mbili au tatu. Ndani yake oksijeni imekwisha, bakteria wameanza kufa, na maji yale yakisukumwa tangini huleta sumu kwa mkupuo. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kwa baridi ya Juni na Julai, hita ya wati 200 inatosha lita 200 zilizo ndani ya nyumba. Ila iwe na kidhibiti joto cha pembeni, kwa kuwa hita hukwama ikiwa imewaka, na hapo utakuta supu.

Bleni wangu ametoweka. Nimeinua mawe yote. — Msomaji, Manyoni

Tazama nyuma ya stendi. Bleni wengi wa pwani huruka kutoka dimbwi moja la mwamba hadi jingine maji yakipwa, na tangini tabia haiishi, hasa usiku au akifukuzwa. Nunua wavu wa dirishani wa nailoni (usichukue wa chuma, utaota kutu na kudondokea majini), uukaze kwenye fremu ya plastiki, uzibe hata pale nyaya zinapopita. Uoshe kila wiki, maana chumvi inaganda na kuziba vitundu. Na kama mle ndani kulikuwa na bleni wawili wa aina moja, usilaumu wavu peke yake: mmoja alimfukuza mwenzake.

Naweza kumtoa Dar es Salaam kwa treni? Na akifika nimshushe vipi? — Msomaji, Area D

Inawezekana. Kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ni saa nne hivi, wakati basi linakula siku nzima na joto lake. Ulizia kituoni mapema masharti ya mzigo wenye maji. Kama samaki hatoki dukani bali kwa mvuvi, hakikisha mwenye kumvua ana kibali cha idara ya uvuvi, na hakutoka kwenye hifadhi kama Mbudya au Bongoyo.

Asilishwe saa 24 kabla ya safari. Mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine. Maji theluthi moja, yaani lita 2 au 3 kwa bleni wa sentimita 8, na oksijeni theluthi mbili. Mwambie muuzaji asiujaze ukakaza kama mpira. Kutoka usawa wa bahari hadi Dodoma hewa hiyo hutanuka kwa karibu sehemu ya saba, na mfuko uliokazwa Dar hupasukia Morogoro au mbele yake. Sanduku la stairofomu hutunza joto.

Akifika, acha mfuko uelee tangini dakika 20 bila kuufungua. Watu hufungua mfuko na kudondosha maji ya tangi humo kidogo kidogo kwa saa nzima. Kwa safari fupi ni sawa, kwa safari ya saa nyingi ni hatari. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa ukaa ya pumzi yake hushusha pH, na pH ya chini huifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa ukaa hutoka, pH inapanda, na amonia ile ile hugeuka sumu akiwa bado humo. Kwa hiyo muulize muuzaji kiwango cha chumvi cha tangi lake kabla hujasafiri, andaa tangi dogo la karantini lenye kiwango hicho hicho, na umhamishe mara tu baada ya kufungua. Kikiwa chini ya 35, pandisha moja au mbili kwa elfu kwa siku.

Karantini iwe wiki nne. Kama ni mla mwani, mawe mawili ya zamu yawe humo tangu siku ya kwanza. Ukiona vidoa vyeupe, muulize mjuzi kabla ya kumwaga dawa ya shaba, kwani samaki asiye na magamba huiona shaba kali kuliko wenzake. Maji ya mfukoni yamwage nje, yasiguse tangi.